Kiti cha mtoto kilichokuwa kikiachia kila safari ya Machame

Familia ni ya Njiro, Arusha: baba, mama na mtoto wa miezi minane. Gari lao ni kigari cha Kijapani cha milango mitano, toleo la mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kiti cha mtoto walitumiwa na dada wa mama anayeishi Marekani. Walikifunga katikati ya siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma, kama dada alivyosisitiza kwenye simu, wakakikaza hadi kikatulia kabisa.

Kasoro ilijitokeza barabarani. Mara nyingi mwisho wa mwezi wanakwenda Machame kwa bibi. Wakitoka Njiro kiti kiko imara. Wakishapita matuta ya Usa River na Maji ya Chai, wakafika Boma Ng'ombe, kiti kimeanza kucheza. Wakifika kwa bibi, ukikishika unakisogeza kulia na kushoto bila kutumia nguvu. Baba anakaza upya, wanarudi Arusha, na mambo ni yale yale.

Kabla kisa hakijanifikia, kilikuwa kimeshapita gereji mbili. Fundi wa kwanza alisema mkanda umechoka, utafutwe mwingine wa yuzdi. Wa pili alikuwa na ushauri wa kutisha zaidi: atoboe sakafu ya gari, apitishe bolti, kiti kikae moja kwa moja. Mama ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kukubali kitu cha mtoto kitobolewe na mtu ambaye hajasoma hata kibandiko kimoja kilichopo juu yake. Alikuwa sahihi. Plastiki ya kiti kile imetengenezwa na kupimwa ibebe nguvu ya mkanda uliopita sehemu yake maalumu. Ukiitoboa na kuibana kwa bolti, mgongano ukitokea hapo ndipo itakapopasukia.

Mimi kazi yangu ni kuandaa magari ya safari za wageni hapa Arusha. Wageni wakija na watoto wadogo wanataka viti vya watoto kwenye Land Cruiser, kwa hiyo kufunga viti hivi na kuvikagua ni sehemu ya kazi. Baba alinijia kupitia dereva mwenzetu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nihamishie pembeni au nibaki katikati?"

Swali hilo ndilo kila mtu huanza nalo, na kwa maoni yangu linatakiwa lije la pili. La kwanza ni mkanda. Mahali pazuri pa kiti cha mtoto ni pale ambapo mkanda uliopo unakubaliana na kiti ulichonacho, na kiti kinabaki kimekaza hadi mwisho wa safari. Katikati kuna sifa nzuri, tena za kweli, lakini sifa hizo zote zinapotea kiti kikianza kucheza.

Tuanze na sifa zenyewe. Katikati ya siti ya nyuma ndipo mbali zaidi na milango yote miwili. Kifodi, hizi daladala zetu ndogo, kikichomoka kwenye barabara ya pembeni bila kuangalia kikakuchapa ubavuni, mtoto aliye pembeni ana mlango mmoja tu kati yake na hicho kifodi, na wa katikati ana nafasi kila upande. Mwaka 2008 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa watoto wa hadi miaka mitatu waliokuwa wamefungwa kwenye viti vyao: waliokaa katikati ya siti ya nyuma walikuwa na uwezekano wa kuumia uliopungua kwa asilimia 43 ukilinganisha na waliokaa pembeni. Dada wa Marekani hakuwa anatunga.

Ila kwenye magari mengi tunayoagiza Japani, hasa ya miaka ile, siti ya katikati nyuma ndiyo iliyonyimwa vitu. Pembeni kuna mkanda unaopita kiunoni na begani; katikati kuna wa kiunoni peke yake. Hakuna vyuma vya ISOFIX vya kuchomekea kiti, na hata kwenye magari mapya yenye vyuma hivyo, kwa kawaida vinawekwa kwenye siti mbili za pembeni. Nimeshaona mtu akichomeka kiti katikati kwa kuazima chuma kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Vyuma vya ISOFIX vimewekwa kwa vipimo, katikati ya kimoja na kingine ni milimita 280, na ukiazima vya ndani vya pande mbili nafasi inakuwa nyingine. Kama kitabu cha gari na kitabu cha kiti havikubali vyote viwili, usifanye.

Basi hapa kisa kingeweza kuishia kwa kusema katikati hapafai. Kilichokizuia kuishia hapo ni aina ya kiti.

Kiti chao ni cha Marekani, kile kinachoweza kufungwa kutazama nyuma mtoto akiwa mdogo na baadaye kutazama mbele. Kina kibano cha plastiki cha kifuani, na ubavuni kina lebo inayosema kimekidhi kanuni za shirikisho za usalama wa magari za Marekani. Kwa miaka mingi kanuni hizo zilipima viti vya namna hii vikiwa vimefungwa kwa mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo viti vingi vya huko vinaukubali mkanda huo bila shida. Kitabu cha kiti hiki kilisema hivyo waziwazi. Hawakuwa nacho, nilichukua namba ya modeli kwenye kibandiko, nikaitafuta mtandaoni, nikakipata chote. Kwa kiti chochote utakachorithi au kutumiwa, anzia hapo.

Jirani yao ana kiti cha Ulaya, kile kidogo chenye mkono wa kubebea, chenye lebo ya rangi ya machungwa na herufi E ndani ya duara. Hicho ni habari nyingine. Vingi vya aina ile vikifungwa bila kitako chake, ile sehemu ya chini inayobaki garini, vinahitaji mkanda mrefu: kipande cha kiunoni kinapita juu ya miguu ya mtoto na cha begani kinazunguka mgongo wa kiti. Ukikifunga katikati kwa mkanda wa kiunoni pekee, nusu ya kinachokishika haipo. Jirani alikuwa anafanya hivyo hivyo, akiamini anamwiga rafiki yake. Chake kilihamia siti ya kushoto nyuma siku hiyo hiyo, bila mjadala.

Sasa turudi kwenye kiti kinachoachia.

Nilianza kwa kuwaomba wakifunge wenyewe mbele yangu, maana ukifunga wewe huoni wanachokosea. Walikuwa wanajitahidi kuliko wengi. Mkanda waliupitisha kwenye njia sahihi. Viti hivi vina njia mbili: ya kutazama nyuma iko chini ya mapaja ya mtoto, na ya kutazama mbele iko nyuma ya mgongo wake, na watu huzichanganya sana. Wao hawakuchanganya. Baba alipiga goti juu ya kiti kwa uzito wake wote, akavuta mkia wa mkanda hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akashika kiti juu, upande wa kichwa, akakitikisa. Kikayumba. Akanigeukia: "Unaona?"

Hapo hakukuwa na tatizo. Kiti kinachotazama nyuma kitayumba kidogo upande wa kichwa hata kikiwa kimefungwa vizuri kabisa, kwa sababu kimeshikwa upande wa miguu. Kinapimwa pale pale mkanda unapopita: unashika kiti karibu na mkanda kwa mkono mmoja, unakivuta kulia na kushoto kama unayemsalimia mtu kwa nguvu ya kawaida, na kisisogee zaidi ya inchi moja, yaani sentimita 2.5. Nilipopima hapo, kilikuwa sawa. Kwa hiyo kiti kilikuwa kinafungwa vizuri na kulegea baadaye. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa yake si moja.

Nikachukua maka peni, nikachora mstari mwembamba kwenye mkanda, pale unapoingia kwenye ulimi wa chuma, ule unaochomekwa kwenye loki. Kama mkanda unateleza, mstari utahama. Usipohama na kiti bado kikalegea, basi kuna kitu kinabonyea chini ya kiti. Tukawasha gari bila mtoto, tukazunguka mitaa ya Njiro yenye matuta, tukashuka kwenye vumbi na kurudi lami. Tuliporudi, kiti kinacheza, na mstari umehama karibu upana wa kidole. Na pia siti ya gari chini ya kiti ilikuwa imebonyea. Vyote viwili.

Kubonyea kulikuwa rahisi kukuelewa. Gari lilikuwa limeshonewa kava mpya za ngozi ya bandia, zile mafundi wa viti wanazozijaza sponji ili siti zionekane nene, na kwa kweli zilikuwa zimependeza. Lakini sponji ile ni laini kuliko siti ya kiwandani iliyo chini yake. Ukikaza kiti juu yake unaona umekaza, kumbe umebana hewa. Kila tuta linaikandamiza zaidi, na mkanda uliokuwa umekaza unabaki na ulegevu. Isitoshe ngozi ya bandia inateleza, na chini ya kiti walikuwa wametandika shuka lililokunjwa ili kava lisichubuke. Kulinda kava ndiko kulikokuwa kunamponza mtoto.

Baba hakufurahi kusikia kava la nyuma litoke. Alilipa pesa. Tukakubaliana litoke la nyuma tu, la mbele libaki. Chini yake siti ya kiwandani ilikuwa ngumu na kavu, na loki ya katikati, ambayo kava lilikuwa limeimeza nusu, sasa ikasimama wazi.

Tukafunga upya, tukachora mstari mwingine, tukazunguka tena. Kubonyea kumekwisha. Mstari umehama bado, safari hii kidogo, lakini umehama.

Hapa ndipo fundi wa gereji ya kwanza angesema "niliwaambia mkanda umechoka." Nilimwomba baba akae mwenyewe katikati, ajifunge ule mkanda, aukaze, halafu ajirushe mbele na nyuma. Haukuachia hata kidogo. Mkanda ulikuwa mzima kabisa juu ya mtu, na mbovu juu ya kiti cha mtoto. Tofauti ilikuwa wapi?

Ili kuijua inabidi uutazame ulimi kwa karibu. Mkanda wa kiunoni wa aina hii hauna chombo cha kujiviringisha. Una ulimi wa chuma ambao mkanda unapita ndani yake, na mkia unaning'inia nje. Ulimi ukilala bapa sambamba na mkanda, kipande kidogo cha chuma ndani yake kinaubana mkanda na hauendi popote. Ukitaka kuurefusha, unausimamisha ulimi wima, pembe mraba na mkanda, na hapo unateleza kirahisi. Kila aliyewahi kurefusha mkanda wa aina hii amefanya hivyo, hata kama hakujua kwa nini.

Sasa, mtu akikaa, ulimi unalala bapa tumboni au kwenye nyonga. Kwenye kiti cha mtoto, loki na ulimi vilikuwa vinakutana pale pale kwenye ukingo wa plastiki, mahali mkanda unapoingia kwenye njia yake. Niliinama na tochi ya simu upande wa mlango wa kulia nikauona vizuri: ukingo ule ulikuwa unausukuma ulimi ukae mshazari, nusu wima. Haukuwa wima vya kutosha kuteleza ukiuvuta kwa mkono, ndiyo maana baba aliona umekaza. Lakini kila tuta lilikuwa linautikisa, na kila ukitikiswa unatoa milimita mbili tatu. Zidisha kwa matuta yaliyopo kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe.

Dawa ilikuwa ndogo hadi baba akacheka. Unafungua mkanda, unaugeuza ulimi nusu mzunguko, upande uliokuwa chini unakuwa juu, unauchomeka tena. Mkanda unabaki umelala bapa njia nzima, isipokuwa nusu mpindo mmoja pale kwenye ulimi wenyewe. Kwa kugeuzwa vile, ukingo uliokuwa unausimamisha ulimi sasa unaulaza. Kitabu cha kiti kilikuwa na mchoro wa jambo hilo hilo, na loki ya gari hili iliupokea ulimi kwa pande zote mbili. Nilihakikisha unalia "kta", nikauvuta kwa nguvu, nikabonyeza kitufe kuona unafunguka. Loki nyingine hazipokei ulimi uliogeuzwa. Ukikataa usiulazimishe, tafuta siti nyingine.

Katika kukaza, nilimwonyesha baba aache goti. Unaweka kiganja ndani ya kiti, juu ya pale mkanda unapopita, unakandamiza kwa uzito wa kawaida, na mkono wa pili unavuta mkia wa mkanda kwa mlalo, si kwenda juu. Mama ndiye aliyejaribu kwanza na akafaulu, jambo lililomaliza ubishi kwamba kazi hii inataka misuli. Mkia uliobaki tuliukunja na kuubana, mtoto asiuchezee.

Mzunguko wa mwisho ulikuwa mrefu zaidi, hadi Tengeru na kurudi. Mstari wa maka peni haukuhama.

Mtu anaweza kuuliza, na mwenzangu kazini aliuliza: kwa nini hangaiko lote hilo, wakati pembeni kuna mkanda wa kisasa unaopita begani? Nilipajaribu pembeni pia, upande wa kushoto. Mkanda wa pale unajiviringisha na unashika gari likifunga breki ghafla tu. Ukiuvuta polepole unatoka. Mikanda mingine ina uwezo wa kujifunga: unauvuta wote hadi mwisho, unauachia urudi, unasikia mlio wa meno madogo madogo, na kuanzia hapo hautoki tena. Wa gari hili haukuwa nao. Ungeweza kutumika kwa kuubana na kile kibano cha chuma chenye umbo la H, kinachokuja na baadhi ya viti vya Marekani, lakini ni kazi ya vidole na subira, na wazazi hawa wanakitoa kiti mara kwa mara kupata nafasi ya mizigo. Hatua nyingi ni nafasi nyingi za kukosea. Kwa kiti hiki na gari hili, mkanda ule wa kizamani wa katikati ndio uliokuwa na faida: ukishakaa bapa, umekaza na hauna kingine cha kusubiri. Gari lingekuwa na mkanda wa kujifunga pembeni, ningewaambia wahamie pembeni bila kujuta sana hiyo asilimia 43.

Siti ya mbele hatukuijadili kwa muda mrefu. Mama aliitaja kwa sababu akiendesha peke yake hamwoni mtoto. Gari lina mfuko wa hewa upande wa abiria, na kiti kinachotazama nyuma kikiwa mbele ya mfuko huo, ukifumuka unakipiga kiti mgongoni, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Hapana.

Kuna jambo la mlalo wa kiti ambalo lingeweza kutupita. Ubavuni kiti kina mstari unaotakiwa ulale sambamba na ardhi, ili kichwa cha mtoto kisianguke mbele akisinzia na kubana pumzi. Nyumbani kwao mstari ulikuwa sawasawa. Kumbe uwanja wao una mteremko. Kwenye sakafu ya gereji yetu, ambayo ni sawa, kiti kilionekana kimesimama mno, hasa baada ya sponji kutoka. Kitabu kiliruhusu taulo, kwa hiyo tukaviringisha taulo moja ngumu tukaliweka kwenye mkunjo ambapo mgongo wa siti ya gari unakutana na kitako, upande wa miguu ya mtoto. Likainua kidogo, mstari ukalala.

Kisha mtoto mwenyewe. Hii sehemu ilitumia muda kuliko chuma chote, kwa sababu siku hiyo bibi alikuwepo. Alikuwa amekuja Arusha kuangaliwa macho, na angerudi Machame na gari hilo hilo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho kigoda kinamtesa mjukuu wangu. Nipeni nimpakate, nimelea sita na hakuna aliyeanguka."

Sikubishana naye kuhusu wale sita. Nilimwambia habari ya mwendo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 8 anavutwa mbele kwa nguvu ya mzigo wa zaidi ya kilo 100. Bibi ana mashamba ya kahawa. Nikamuuliza kama magunia mawili ya kahawa yakirushwa kutoka mapajani mwake angeyadaka. Akanitazama, akasema magunia hayalii. Lakini hakuomba tena kumpakata. Mama akaongeza, kwa upole, kwamba na kumfunga mtoto pamoja na mtu mzima ndani ya mkanda mmoja ni vibaya zaidi, maana uzito wa mtu mzima wote unamwangukia mtoto.

Alichoshinda bibi ni kwenye nguo, au karibu ashinde. Ilikuwa Julai, na Julai ya Arusha asubuhi inajulikana. Mtoto alikuwa na sweta nene, juu yake koti la manyoya, na juu yake amezungushiwa shuka, ndipo akafungwa mikanda ya kiti. Mikanda ilionekana imekaza. Nikaomba atolewe, avuliwe koti, arudishwe, mikanda ikiwa urefu ule ule. Ngumi yangu iliingia kati ya mkanda na kifua. Manyoya yale kwenye mgongano yanabonyea mara moja, na mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka. Tukakubaliana na bibi hivi: sweta jepesi, mikanda inakazwa hadi ukijaribu kuubana mkanda kwa vidole pale begani hupati mkunjo, kibano cha kifuani usawa wa makwapa, halafu shuka la bibi linatandazwa juu ya vyote. Shuka likabaki, na mtoto akapata joto. Mikanda ya mabegani tuliishusha tundu moja, kwa sababu kwa mtoto anayetazama nyuma inatakiwa itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, na yao ilikuwa inatokea juu.

Wanaporudi kutoka Machame huwa wanabeba ndizi na maparachichi, na nyingi zinapangwa kwenye kibao cha nyuma ya siti, chini ya kioo. Nilisema kitu kimoja tu juu ya hilo: parachichi gumu lililoko nyuma ya kichwa cha mtu halibaki pale gari likisimama ghafla. Vishuke chini, kwenye buti. Hapo bibi aliniunga mkono, akisema maparachichi yanachubuka.

Kiti hiki kinaruhusu mtoto atazame nyuma hadi pauni 40, karibu kilo 18, na ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 ni abaki hivyo hadi afikie kikomo cha kiti chake cha uzito au urefu. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo yake bado ni laini. Akitazama nyuma, mgongano wa mbele unagawanywa mgongo mzima badala ya kuiachia shingo. Kwa hiyo wana miaka kadhaa ya kukaa katikati na ule ulimi uliogeuzwa. Kilichobaki kwao ni kupima kwa mkono pale kwenye mkanda kila wanapokifunga upya, na tena wakisimama Boma Ng'ombe, ambako husimama hata hivyo ili mtoto anyooshwe na kunyonya.

Mambo yatabadilika siku atakapogeuzwa kutazama mbele. Kiti kikitazama mbele kinahitaji mkanda wake wa juu ufungwe kwenye ndoano nyuma ya siti, ili kichwa kisirushwe mbali, na gari hili katikati halina ndoano. Baadaye akipanda kwenye kiti cha kunyanyulia, kile ambacho mtoto anafungwa na mkanda wa gari wenyewe, mkanda wa kiunoni pekee utakuwa marufuku kabisa, kwa kuwa utamkata tumboni. Ama watakuwa wamebadilisha gari, ama mtoto atahamia dirishani, kwenye mkanda wa begani, upande wa kushoto. Huko kushoto ndiko bibi anakokaa siku zote, na hakuna aliyemwambia bado.